Fundi wa Moshi amefuta diski nzima kwa ajili ya faili moja, na hakuniuliza

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira. Wiki tatu zilizopita nilipeleka kompyuta ya nyumbani kwa fundi mmoja hapa Moshi mjini, si mbali na soko la Mbuyuni, kwa shida moja tu: faili lililokuwa likikataa kufutika. Nilirudishiwa kompyuta tupu, ambayo haina tena picha za mazishi ya mama yangu wala hesabu za kikundi chetu cha vikoba tangu 2017.

Shida ilianzia kwenye flashi niliyoipeleka steshenari kuchapisha fomu. Nilipofika nyumbani Majengo na kuichomeka, kila folda ilikuwa imegeuka njia ya mkato ya kilobaiti mbili, ile yenye mshale mdogo kwenye kona, na chini yake pameongezeka faili lenye jina la herufi zilizovurugika na mwisho wa .vbs. Nikalifuta, na kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya likawa limerudi. Nililifuta mara saba au nane, likarudi mara zote.

Fundi aliitazama kwa dakika zisizozidi mbili, akasema, "Mama, hii dawa yake ni kupiga Windows tu," yaani kufomati diski na kuweka Windows upya, akapokea shilingi 30,000 na kuniambia nirudi saa kumi. Kama kuna kitu cha kunakiliwa pembeni kwanza, hakuuliza.

Mpwa wangu anayesoma chuo Arusha alipokuja kutusalimia ndipo nilipoelewa ukubwa wa uzembe huo. Faili lilikuwa likirudi kwa sababu skripti ya kirusi, yaani lile faili la .vbs lenye maagizo yake, ilikuwa tayari inaendeshwa na programu ya wscript.exe, na kazi yake mojawapo ni kujiandika upya kila inapofutwa. Kilichotakiwa ni kufungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kuisimamisha wscript.exe, kisha kulifuta faili hilo pamoja na nakala yake iliyojificha kwenye folda ya Startup ili isiamke tena kompyuta inapowashwa. Folda za kwenye flashi nazo hazikuwa zimepotea, zilikuwa zimefichwa tu: aliandika amri ya attrib -h -r -s /s /d, na zote zikajitokeza mbele ya macho yangu kabla chai haijapoa.

Flashi hiyo fundi hakuitaka hata kuiona. Jioni ile ile niliyochukua kompyuta niliichomeka, nikabofya folda ya kwanza, na kirusi kikaingia upya. Yaani nilifutiwa kila kitu changu, nikalipa, na kirusi kikabaki!

Nilipomrudia alinijibu kwamba ningesema mapema kama kulikuwa na vitu vya muhimu. Jibu hilo ndilo lililonikera kuliko hasara yenyewe, kwa sababu anayejua kwamba kufomati kunafuta ni yeye, nami nilimweleza kwa kinywa changu kwamba ninataka liondoke faili moja. Kibaya zaidi, diski ikifomatiwa kwa njia ya haraka picha huwa bado zimo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Yeye aliweka Windows, akajaza filamu na michezo ambayo sikuiomba, kisha akaniacha niitumie wiki mbili bila kunitahadharisha.

Nimeizima tangu Jumamosi na hakuna anayeruhusiwa kuiwasha. Ni diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500, si SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Fundi yeyote wa Moshi au Arusha ambaye amewahi kurudisha picha kutoka kwenye diski iliyofomatiwa namna hii naomba aandike hapa, ataje bei yake kabla ya kuigusa, na akubali nikae pembeni yake muda wote anapofanya kazi.