Tupeane uzoefu: laptop ya bei poa ya nyumbani. Nani kapigwa, nani kapona?

Baba Nasra
Wakuu, habari za jioni. Jana binti yangu wa darasa la sita kafunua laptop ya nyumbani, bawaba ya kushoto ikalia kwaa, kioo kikabaki kinaning'inia kwa nyaya kama jino la mtoto. Nikakaa naitazama, nikakumbuka siku niliyoinunua.

Ilikuwa 2019. Mtumba nilikuwa nauogopa kama ukoma. Nikaingia duka moja mjini, lina kiyoyozi, kijana wa kuuza kafunga tai, akanitolea kitu kipya ndani ya boksi, cha buluu, inchi 11, nailoni bado iko kwenye kioo. 480,000. Nikamwambia mama Nasra, hiki hakuna binadamu aliyekigusa. Kumbe hifadhi yake ni GB 32 tu, imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki. Windows yenyewe ikala zaidi ya nusu. Mwezi wa pili ikaanza kudai apdeti, apdeti ikadai nafasi, nafasi hakuna. Nafuta picha, inadai tena. Nikawa mtu wa kufuta tu. Mama Nasra akitaka hesabu zake za vitenge, anabofya, anaenda kuteka maji, anarudi, kiduara bado kinazunguka.

Sasa nina 500,000, nikijibana sana 600,000. Kazi zake ni hesabu za vitenge, masomo ya watoto, taarifa ya habari na katuni. Magemu hakuna. Aliyepigwa aseme, aliyepona aseme.

Kapuku Jeuri
Kile cha buluu! Mkuu umenitonesha kidonda. Cha kwangu siku hizi nakiwekea kikombe cha chai juu yake.

Mama Wawili
Naweka kambi hapa. Na mimi natafuta.

Fundi wa Ghorofani
Naandika huku nimeshika bisibisi, mnisamehe. Kwa hela hiyo usinunue kipya. Kipya cha bei hiyo ni Celeron, yaani prosesa (ubongo wa mashine) dhaifu, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 isiyoongezeka. Chukua mtumba wa ofisini: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad za herufi T. Zimetengenezwa kwa ajili ya makampuni, wenzetu wakizitumia miaka mitatu minne wanabadilisha, zinakuja kwa makontena. Mwili mgumu, na nyingi RAM unaongeza mwenyewe.

Lakini tazama kizazi cha prosesa. Watu wanaambiwa "hii i5" wanatoa hela. i5 ya lini? Soma namba baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel rasmi inataka kizazi cha nane kwenda juu. Ndiyo maana Kariakoo EliteBook 840 G3, za kizazi cha sita, sasa zinamwagwa, na muuzaji anakwambia chukua leo kesho zinapanda. Zinapanda kwenda wapi? Tafuta 840 G5 au ThinkPad T480. Na hata hizo usiamini jina, fungua uone, maana zipo zilizotoka kiwandani na kizazi cha saba.

Kapuku Jeuri
Fundi ameshaanza kutafuta wateja.

Fundi wa Ghorofani
Umeona namba ya simu hapo?

Mwalimu wa Nyakato
Hiyo ya mtumba wa Ulaya ngoja niwasimulie. Nilinunua ThinkPad safi, kibodi imebandikwa stika mpya nyeusi, herufi nyeupe zinang'aa. Nikaona muuzaji muungwana, kaniwekea mpya. Likaja joto la Oktoba hapa Mwanza, gundi ikayeyuka, stika zikaanza kuteleza moja moja. Chini yake Kijerumani kitupu! Kwao Z na Y zimekaa kwa kubadilishana. Sasa stika nyingine zimebaki, nyingine zimedondoka, na mimi ni mtu wa kuchapa nikitazama vidole. Nikaandika barua ya kuomba uhamisho usiku, umeme umekatika, natumia tochi ya simu. Kesho yake afisa ananiuliza, "Mwalimu, *kituo cha kayi* ndiyo wapi?"

Vinginevyo laptop ni jiwe. Mwaka wa nne huu.

Mama Wawili
Kituo cha kayi 😂😂 Uhamisho ulipata?

Mwalimu wa Nyakato
Bado niko Nyakato.

Sanifu
Samahanini, tuheshimu lugha yetu. Si "laptop", ni *kompyuta mpakato*. Neno lipo.

Mtu wa Nai
Huku Kenya tunaita kipakatalishi. Hapo tumewapiku nyinyi wenye lugha.

Kapuku Jeuri
Sanifu, ingia Kariakoo useme "nahitaji kompyuta mpakato" uone bei utakayotajiwa. Watajua mgeni kaingia.

Sanifu
Kupakata ni kuweka mapajani. Limekaa vizuri kabisa.

Kapuku Jeuri
Yangu ukiipakata dakika kumi inakubabua. Tuiite kompyuta mbabuo.

Bi Mkunguni
Mie yangu haikuuliwa na umeme wala apdeti. Imeuliwa na sisimizi. Msicheke. Huku Unguja, nyumba yetu haipo mbali na pwani, mtoto kala halua juu ya kibodi, nikafuta kwa kitambaa nikaona yameisha. Baada ya wiki herufi A haibonyezeki. Mara na S. Nikiiwasha usiku wanatoka mstari mmoja kwenye tundu la chaja, wamejipanga kama wanakwenda harusini. Fundi alipoifungua, chini ya kibodi mayai tele, meupe kama punje za mchele, na wenyewe wameshaanza kuyabeba kuyahamisha. Fundi karuka na kiti chake.

Akanambia walifuata utamu na joto. Na matundu ya flashi yalikuwa yameshaota kutu kwa upepo wa bahari. Kwa hivyo ukimaliza, itie ndani ya mfuko uifunge.

Fundi wa Ghorofani
Usiifunge kwenye mfuko ikiwa bado ya moto, itatoa jasho. Iache ipoe kwanza.

Mtu wa Nai
Na huo mfuko ataupata wapi Zanzibar, si plastiki ni marufuku? 😅

Bi Mkunguni
Nimesema mfuko, sikusema wa plastiki. Mto nautia foronya, laptop pia naitia foronya.

Shemeji wa Kimara
Nilikuwa nasoma kimya ila acha niseme, limenikaa rohoni miezi mitano.

Nilikuwa natafuta laptop ya nyumbani kama mleta mada. Jamaa mmoja wa kijiweni akaniletea kijana ana Dell Latitude, SSD ya GB 256, RAM 8, kizazi cha nane, imenyooka. Anataka 350,000, tukashuka mpaka 280,000. Chaja ipo, risiti hakuna. Nikamuuliza mbona rahisi, akasema anasafiri. Nikalipa taslimu, nikafika nyumbani natembea kama waziri.

Usiku naikagua. Wameifuta, ila nusunusu. Kwenye diski D kuna folda haina jina. Naifungua, picha za harusi. Nikasema masikini, harusi ya watu. Nikawa naziangalia tu kwa umbea. Bibi harusi simjui, kajifunika shela. Ukumbi mzuri. Nikafika picha ya ishirini na kitu, meza kuu, kuna mama kavaa kitenge cha njano na kilemba, kashika soda ya chungwa. Nikamwita mke wangu: njoo uone huyu mama anavyofanana na mama yako.

Mke akainama. Akanyamaza. Akasema: "Siyo kwamba anafanana naye."

Mama Wawili
WEWE

Kapuku Jeuri
Usikatie hapo mkuu, tutakulaani.

Baba Nasra
Jamani na mimi bado sijajibiwa… ila malizia kwanza.

Shemeji wa Kimara
Nilikuwa nachaji simu. Ilikuwa harusi ya shemeji yangu, mtoto wa baba mdogo wa mke wangu. Mimi nilikuwa safarini sikuhudhuria. Huyo shemeji, wiki mbili kabla sijainunua, aliibiwa Kimara, wamepitia dirisha la jikoni, wameondoka na laptop, tivii na mtungi wa gesi. Kikao cha familia kilikaa, tukachangishana anunue nyingine maana ndiyo anayofanyia kazi. Mimi nilitoa 50,000. Jina langu lipo kwenye daftari.

Kwa hiyo laptop ile nilishailipia mara mbili.

Mke anasema tuirudishe usiku huu huu. Mimi namwambia tusubiri asubuhi, tupange maneno. Ukimpelekea mtu mali yake iliyoibiwa lazima useme umeipata wapi, na mimi nampigia yule kijana simu haipatikani, wa kijiweni naye anasema hamjui vizuri. Asubuhi tukaenda. Shemeji akafurahi, kanikumbatia. Mama mkwe alikuwepo. Akaitazama laptop, akanitazama mimi, akauliza taratibu: "Baba, na mtungi wa gesi uko wapi?"

Mtu wa Nai
Mtungi wa gesi!! Nimemwaga chai.

Kapuku Jeuri
Kosa lako ni mdomo. Ungefuta folda, ukafomati, ukakaa kimya. 280,000 zimeenda bure.

Sanifu
Ushauri mbaya huo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kupokea mali ya wizi huku unajua ni kosa. Alipoiona ile picha alishajua.

Kapuku Jeuri
Mama mkwe ndiye mahakama yenyewe. Sura ya 16 ya nini?

Mama Wawili
Kapuku, wewe ukiibiwa utatamani aliyenunua afomati akae kimya?

Kapuku Jeuri
Mimi chakavu yangu mwizi ataniachia na hela ya chaja.

Fundi wa Ghorofani
Tusiitumie hadithi kumsahau Baba Nasra. Nunua dukani, dai risiti ya EFD, hata wakikwambia bila risiti wanapunguza 20,000. Kabla ya kulipa, izime, iwashe ukibonyeza F10 kama ni HP, F2 kama ni Dell, F1 kama ni Lenovo. Ikikudai nywila hapo, iache mezani, ni ya kampuni haijafunguliwa au ni ya mtu. Halafu chomoa chaja, cheza video nusu saa ukiwa umesimama palepale. Watakununia, wewe simama. Ukitaka kuijua betri, fungua lile dirisha jeusi la amri uandike powercfg /batteryreport, linatoka faili linaloonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na leo inabeba kiasi gani. Juzi nimeona moja iliyozaliwa na uwezo wa mWh 50,000 imebaki na 14,000, na muuzaji anaapa inakaa na chaji saa tano.

Mwalimu wa Nyakato
Ongezea: kwangua stika moja kwa ukucha.

Mtu wa Nai
Mimi nachukuanga za kizazi cha sita za bei ya chini naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Iko sawa kabisa.

Kapuku Jeuri
Mama wa vitenge unampa Linux? Unataka waachane?

Mtu wa Nai
Mama yangu ana miaka 61 anaitumia. Anadhani ni Windows mpya.

Mama Wawili
Shemeji wa Kimara, ila yule shemeji yako si alishanunua nyingine kwa ile michango? Sasa anazo mbili?

Shemeji wa Kimara
Anazo mbili dada. Hela yangu hajaigusia hata kwa bahati mbaya. Na juzi kanipigia ananiuliza kama namjua mtu anayetafuta Latitude nzuri. Anataka 400,000.

Baba Nasra
Mkuu, bawaba zake zikoje?