Outlook yajifunga kila mara: tuitengeneze, tununue mpya au tuhamie Thunderbird?

Mzigo_Kilindini: Waungwana, salaam. Ofisi yetu ni ya kutoa mizigo bandarini. Outlook, programu yetu ya barua pepe, yajifunga yenyewe mara tano sita kwa siku, hasa tukifungua barua zenye PDF nzito. Tajiri ataka jibu kabla ya Ijumaa: anunue Office mpya (Outlook imo ndani yake) au tuhamie Thunderbird ya bure?

Fundi_Makadara: Hujatupa cha kushika. Office ya mwaka gani? POP (barua hushushwa kwenye kompyuta) au IMAP (barua hukaa kwenye seva)? Faili la PST, yaani ghala la barua za Outlook, ni GB ngapi, na limekaa wapi? Fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows), Windows Logs, Application, tafuta kosa namba 1000, utuandikie moduli (kipande cha programu) iliyotajwa.

Pwani_Huria: Thunderbird, moja kwa moja. Ikisumbua, shikilia Shift unapoifungua, itawaka bila nyongeza (viprogramu vya ziada). Utafutaji ukiharibika, ifunge, futa global-messages-db.sqlite, yenyewe italiunda upya.

Fundi_Makadara: Sema na upande wa pili. Kwa kawaida folda nzima ya Thunderbird ni faili moja la mbox, barua zote ndani yake. Ukifuta barua, nafasi hairudi mpaka ufanye Compact, yaani kuibana folda.

Mzigo_Kilindini: Niwieni radhi. Office 2016, POP, PST ya GB 31. Liko kwenye kompyuta ya mapokezi, twalifungua kwa zamu kupitia Wi-Fi. Moduli ni mspst32.dll.

Fundi_Makadara: Ugonjwa ndio huo. Ukubwa haujafika kikomo, maana kikomo cha kawaida ni GB 50. Lakini Microsoft haikubali PST kufunguliwa kupitia mtandao: Wi-Fi ikikatika wakati Outlook inaandika, kipande cha faili hubaki nusu, na kila ukigusa barua iliyo hapo programu inaanguka. Office mpya itaangukia palepale.

Funga Outlook kote. Nakili PST kwenye diski C, nje ya folda zinazosawazishwa na OneDrive. Hakikisha zimebaki GB 40 hivi, kwa sababu scanpst.exe, kifaa cha kurekebisha PST, hutengeneza nakala ya akiba kabla ya kurekebisha. Kiendeshe. Alama ya tiki ya kutengeneza nakala hiyo usiitoe. Rudia mpaka isipate kosa. Kisha bonyeza Windows na R, andika outlook.exe /safe, Outlook ifunguke bila nyongeza. Ikitulia hapo lakini ikaanguka ukiifungua kwa kawaida, zima nyongeza moja moja.

Pwani_Huria: Akimaliza ahamie!

Fundi_Makadara: Akimaliza, sawa. Thunderbird huvuta barua kupitia Outlook iliyo kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa hivyo faili bovu litakwama njiani.

Bi_Tudor: Mbona hamsemi juu ya IMAP? Mnafungua kwa zamu sanduku moja, POP haifai. Uliza kwanza seva yenu inatoa GB ngapi. Halafu Office 2016 iliacha kupokea masahihisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo tajiri hana budi kuamua.

Mzigo_Kilindini: Nimejaribu kunakili PST kwa flashi, yakataa. Nafasi ipo GB 64.

Bi_Tudor: Flashi imepangwa kwa FAT32, mfumo wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja la kuzidi GB 4. Iumbize (format) upya kwa mfumo wa exFAT, ila kwanza toa vilivyomo.

Mzigo_Kilindini: Imekubali. Scanpst imefika awamu ya 3 kati ya 8, imesimama.

Fundi_Makadara: Iache, GB 31 si kidogo. Ni laptopu au ya mezani? Stima ikipotea sasa hivi, hiyo nakala utaanza upya.

Mzigo_Kilindini: Ya mezani. Haina UPS (betri ya akiba).

Pwani_Huria: UPS ya VA 650 yatosha?

Bi_Tudor: Kwa dakika chache za kuizima vizuri, si za kumaliza scanpst.