Kampuni inawatuma watoto wetu wakaombe hela sokoni, halafu inatoa msaada kwa jina lake

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Mwezi uliopita binti yangu wa darasa la nne alirudi nyumbani, hapa Pasua, Moshi, na kadi yenye nembo ya kampuni. Shindano la watoto la kuchangia wodi ya watoto wagonjwa. Ndani kuna mistari: jina la mchangiaji, kiasi, sahihi. Atakayeleta hela nyingi kuliko wenzake anapata baiskeli, na shule yake inapewa madawati.

Nilimpa elfu mbili nikadhani yameisha. Kumbe kila asubuhi mwalimu anasoma majina na viwango mbele ya darasa zima. Mtoto akaacha kununua andazi saa ya mapumziko ili hela yake aiandike kwenye kadi.

Jumamosi moja niko kazini, yeye na rafiki yake wakaenda soko la Mbuyuni. Toka saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni wanazunguka kwenye mitumba na nyanya, wanawanyooshea kadi watu wasiowajua. Mama lishe mmoja aliwapa mia tano na maji ya kunywa, Mungu ambariki. Mwanaume mwingine akawaambia wamfuate kwake, ana elfu kumi. Rafiki yake alishaanza kumfuata, binti yangu akamvuta mkono wakakimbia. Haya nimeambiwa siku nne baadaye, usiku, mtoto analia. Alidhani nitamgombeza kwa kuiacha ile elfu kumi!

Alikusanya 23,400. Aliyeshinda, baba yake alijaza laki nane kwenye mstari mmoja. Simlaumu mtoto yule wala baba yake. Nawalaumu waliokaa ofisini wakapanga watoto washindanishwe kwa mifuko ya wazazi wao.

Siku ya kukabidhi kukawa na turubai, muziki, wapiga picha na hundi ya bango ya milioni 5. Juu yake jina la kampuni peke yake. Meneja akasema kampuni imeguswa na hali ya watoto wagonjwa. Watoto waliozunguka juani hawakutajwa. Nilimfuata nikamuuliza kwa adabu: katika hizi milioni tano, zenu ni ngapi na za watoto ni ngapi? Akanijibu niandike barua pepe. Nimeandika mara tatu, kimya. Kilichoingia kwenye simu yangu ni meseji ya tangazo la bidhaa zao, kwa namba niliyojaza nyuma ya kadi ili mtoto akipata shida nipigiwe. Palepale nyuma kuna jina lake, shule na darasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Nani aliwapa ruhusa ya kutangazia biashara kwa kadi ya mtoto?

Elimu bila malipo tuliambiwa imeanza Januari 2016. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, walimu wakaogopa hata kuitisha mia mbili ya karatasi za mtihani. Leo kampuni inaingia getini, inakusanya darasa kwa darasa, na mkuu wa shule anapiga nayo picha. Wanasema ni hiari. Mtoto anayesomwa jina kila asubuhi ana hiari gani?

Msinielewe vibaya kuhusu wodi. Mdogo wake binti yangu alipougua nimonia nililala naye wodini siku sita, najua shida ya pale. Wakiniambia leta shuka, naleta kesho. Kampuni ikitaka kusaidia itoe kwenye faida yake, na ikichangisha watu iweke hesabu ubaoni: tumepokea kiasi hiki, tumeongeza kiasi hiki.

Jumatano saa tatu asubuhi naenda kwa afisa elimu wa manispaa. Wazazi wa Pasua, Majengo, Njoro na Kiboriloni ambao watoto wenu walipewa hizi kadi, pigeni picha pande zote mbili, ficheni jina la mtoto, mniwekee hapa pamoja na kiasi alichokusanya. Nikienda na kadi moja watanirudisha mlangoni.