UZI WA MALALAMIKO: Boti ya jeti iliyopigwa rangi siyo boti iliyofufuliwa. Acheni kutuuzia mizoga!

Wakuu, heshima kwenu.

Sitazunguka. Biashara ya boti za jeti zilizotumika (zinazosukumwa na pampu ya maji badala ya propela ya nje), hizi Yamaha na Sea-Doo zinazoshushwa Dar, Mombasa na Unguja pamoja na trela zake, imejaa udanganyifu wa aina moja. Boti inasuguliwa, inapigwa rangi, inavalishwa viti vipya, kisha tangazo linasema "imefufuliwa yote, ni kuwasha na kuondoka". Pampu haijafunguliwa. Habu za magurudumu ya trela hazijaguswa. Ukuta wa nyuma haujagongwa hata kwa kifundo cha kidole. Mnunuzi anatoa mamilioni kununua rangi, halafu boti inazimika nje ya miamba, watoto wakiwa ndani. Watu wanaweza kufa kwa hili, na bado linafanywa mchana kweupe.

Uongo unaanzia kwenye umri. Boti iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ina namba ya bodi yenye herufi na tarakimu 12, juu upande wa kulia wa ukuta wa nyuma. Ikiishia na E405, basi E ni mwezi Mei, 4 ni 2004, na 05 ni modeli ya 2005. Mtu anakuandikia "2012" kwenye tangazo wakati namba iko pale pale inamsuta. Ukikuta imesagwa au imefunikwa rangi, ondoka, usiulize hata bei. Na anayewauzia Sea-Doo Speedster "ya 2015" ni mwongo moja kwa moja: BRP, watengenezaji wa Sea-Doo, walitangaza kuacha boti za jeti mwaka 2012, na walipoirudia kazi hiyo walikuja na Switch, modeli ya 2022, ambayo ni chombo cha umbo tofauti kabisa.

Sasa pampu, moyo wa boti hii. Impela, feni inayosukuma maji, inazunguka ndani ya ringi, na nguvu yote inategemea nafasi iliyopo kati ya ncha ya jani la impela na ringi hiyo. Ikiwa mpya, nafasi haifiki nusu milimita. Pampu ikinyonya mchanga na vipande vya matumbawe kwenye maji mafupi, ringi inachimbika mifereji na ncha za majani zinaliwa. Ikifika milimita 1 utasikia injini inalia, raundi zinapanda, boti imekaa. Muuzaji atakwambia "ni plagi tu hiyo". Siyo plagi. Toa waya wa betri kwanza, lala chini ya boti, pitisha fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) kwenye mdomo wa pampu, pima kila jani, zungusha shafti robo, pima tena. Kazi ya dakika 10, na hakuna fundi wa rangi anayeifanya.

Kwenye Sea-Doo ringi ni ya plastiki na imetengenezwa ili ichakae ibadilishwe. Ikate sehemu mbili kwa ubapa wa msumeno wa chuma, ukiishia kabla ya kugusa alumini, ivute ndani itoke. Safisha kiti chake kabisa, kisha sukuma mpya iingie sawasawa pande zote. Ikiingia upande, impela itaila siku hiyo hiyo. Kujaza mifereji kwa epoksi, kama ninavyoona mafundi wakifanya, hakudumu. Impela iliyokunjika ncha nayo hainyooshwi kwa nyundo juu ya tofali, kwa sababu ikipoteza mizania inatetemesha shafti mpaka sili ya kaboni, inayozuia maji pale shafti inapopita, inaanza kuingiza maji ndani ya boti. Ipeleke kwa anayejaza na kusawazisha impela, au nunua nyingine.

Pampu ikiwa chini, fungua koni ya nyuma. Sea-Doo za zamani zina oili humo. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji ya chumvi yameshafika kwenye beringi: badilisha sili na beringi pamoja, usibadilishe oili peke yake. Wakati wa kufunga, bolti za stenlesi zipakwe grisi ya kuzuia kushikana, vinginevyo mwaka kesho zitakatikia ndani ya alumini. Na zinki! Kipande cha zinki kinachofungwa kwenye pampu kipo ili kiliwe chenyewe badala ya alumini ya pampu. Ikiisha nusu, weka mpya. Mnazipiga rangi, mnazing'arisha kama urembo, na zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi yoyote. Miezi michache baadaye pampu ina matundu kama kipande cha mkate.

Kosa jingine linalotia uchungu ni la kuwashia nyumbani kwa bomba la maji. Utaratibu ni huu: washa injini KWANZA, ndipo ufungue maji. Ukimaliza, funga maji KWANZA, ipandishe raundi mara mbili tatu kutema yaliyobaki kwenye ekzosi, ndipo uzime. Ukifungua maji injini ikiwa imezima, hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yanajaa kwenye ekzosi na kurudi kwenye silinda. Ukipiga stata, pistoni inakutana na maji yasiyobanika na konrodi, mkono wa pistoni, inapinda. Injini nzima imeuawa na mtu aliyetaka kumwonyesha mteja kwamba inawaka. Ikishatokea stata imegoma ghafla kwa "tok!" moja, acha hapo hapo. Toa plagi zote, kata umeme wa moto wa plagi, zungusha injini mpaka maji yaishe, nyunyiza oili nyepesi kwenye kila silinda.

Kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, ndiko hasira yangu inakofika kileleni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini kule injini ilipo. Stata na alteneta za boti ya injini ya ndani zimezibwa ili cheche isitoke nje. Za gari hazijazibwa. Zinafanana kwa umbo, bolti zinaingia, bei ni ndogo, basi mnafunga! Na mpira wa mafuta mnaweka ule wa plastiki ya kuonekana, unaokakamaa kwa joto la injini na kupasuka. Hilo ni bomu. Weka mpira wa mafuta uliotengenezwa kwa boti, vibano viwili kila mwisho penye nafasi ya kutosha, na feni ya ngama izunguke dakika 4 kabla ya kugusa ufunguo. Fundi anayesema feni ni mapambo asikaribie boti yako.

Bodi. Gonga ukuta wa nyuma na sakafu kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua. Sauti kavu ni nzima, sauti ya kufa ni oza. Zile zenye plaiwudi ndani, toboa tundu la milimita 5 sehemu ya chini kabisa upande wa ndani: chenga zikitoka nyeupe na kavu, ziba kwa epoksi uendelee, zikitoka za kahawia na unyevu, plaiwudi yote inatoka, hakuna njia ya mkato. Na kila tundu la bolti kwenye plaiwudi mpya litobolewe kubwa, lijazwe epoksi, litobolewe tena katikati, ili maji yasiuguse mti.

Ufa kwenye bodi haujazwi puti ya magari. Puti hiyo inanyonya maji, inavimba, inasukuma rangi itoke. Futa nta na mafuta kwa asetoni kabla ya msasa, maana ukitanguliza msasa unaisugulia nta ndani ya faiba. Kisha saga kingo kwa mteremko wa mara 12 ya unene: faiba ya milimita 6 inataka mteremko wa karibu sentimita 7 kila upande. Jaza kwa mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka juu ya tabaka, kipande kikubwa kikianza. Resini ya poliesta kwa joto la pwani, hadna (dawa ya kuigandisha) mililita 10 kwa kilo inatosha. Ukiweka 20 mchana wa jua kali itaganda kwenye kopo ukiwa bado unatafuta brashi. Ndiyo maana kazi hii hufanywa alfajiri.

Umeme napita haraka: waya wa boti uliopakwa bati, fyuzi kila tawi, usisokote na kufunga selotepu.

Trela. Hili ndilo mnalolificha zaidi, kwa sababu rangi nyeusi inafunika kila kitu. Fremu ya bomba la mraba isiyo ya zinki huoza kuanzia NDANI, maji ya chumvi yanalala humo. Gonga chini ya bomba lote, hasa karibu na ekseli na penye kiungo cha shingo, kisha sukuma ncha ya bisibisi. Ikizama, fremu imekufa, na kubandika kiraka juu yake ni kuhamisha mkato sentimita 10 mbele. Ikiwa ni ya zinki na lazima ichomelewe, saga zinki yote eneo la kuchomea kwanza, maana moshi wake ni sumu, halafu rudishia rangi ya zinki baridi.

Habu hufunguliwa zote, hata kama zinazunguka vizuri. Trela nyingi za Marekani zenye ekseli ya ratili 3,500, karibu kilo 1,590, hutumia beringi L68149 ndani na L44649 nje, na vikombe vyake L68111 na L44610. Soma namba kwenye beringi yenyewe kabla ya kwenda dukani. Vikombe hubadilishwa pamoja na beringi, na sili ya nyuma huwa mpya kila mara. Jaza grisi ya kustahimili maji kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili wa rola. Kaza nati huku ukizungusha habu mpaka iwe nzito kidogo, ilegeze, ikaze tena kwa vidole tu, weka pini mpya. Ukiikaza kwa nguvu zako zote, beringi itaungua kabla hujamaliza safari.

Na kabla ya kushusha trela majini subiri nusu saa. Habu yenye moto ikizamishwa kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Hivyo ndivyo grisi inavyogeuka uji.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Meno ya tairi yanaweza kuwa mazima kabisa na mpira umeshakufa. Kichwa cha trela kikiandikwa inchi 2 ni milimita 50.8, na tufe la chuma la kuvutia trela kwenye magari ya huku ni 50, kwa hiyo rekebisha nati ya chini mpaka mchezo uishe.

NYONGEZA 1: Mkuu uliyeuliza kuhusu zinki kwa boti ya Mwanza, ziwani. Maji yasiyo na chumvi hayataki zinki, inajifunika utando na kuacha kufanya kazi. Weka anodi (kipande cha kuliwa) ya magnesi. Ukirudi kwenye chumvi uitoe, maana itaisha haraka sana. Gugu maji ni tatizo kubwa kuliko hilo. Injini nyingi za boti hizi hupoozwa na maji yanayotoka kwenye pampu, kwa hiyo wavu wa mdomo wa pampu ukiziba hupotezi mwendo tu, unaweza kuunguza injini. Ukiona raundi zinapanda bila mwendo, zima, chomoa ufunguo uutie mfukoni, ndipo uchomoe majani.

NYONGEZA 2: Muuzaji uliyeandika hapo chini kwamba "wateja wenyewe wanataka rangi", nakujibu mbele ya wote. Mteja anataka rangi kwa sababu ndiyo pekee unayomwonyesha. Kwenye tangazo lako lijalo weka picha nne: fila geji ikiwa kati ya impela na ringi, habu zote zikiwa wazi, chenga za tundu la ukuta wa nyuma, na namba ya bodi isomeke yote 12. Hizo boti mbili ulizonazo sasa, anza nazo. Tunazisubiri hapa hapa.