Nimempeleka bimkubwa "kruzi ya kifahari" Kroatia, tumeishia kuangalia dirisha la meli ya jirani

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, nivumilieni. Leo siku ya tisa tangu nirudi na hasira bado iko kooni.

Nipo Ujerumani mwaka wa kumi na moja huu, kazi yangu ya wodini. Bimkubwa alikuja kunitembelea kutoka Pangani, ana miaka 68, nikasema safari hii simfungii ghorofa ya nne aangalie magari yanavyoegeshwa. Mtu wa pwani, na anapenda miji ya kale kuliko watoto wake wote tulivyo. Nikalipia kruzi, yaani safari ya matembezi kwa meli, meli ndogo ya abiria 36, siku saba, Split hadi Dubrovnik. Euro 2,350 kwa kichwa, na vichwa ni viwili. Tangazo lilisema tutaijua miji ya pwani kwa undani, kwa sababu meli ndogo inaingia katikati ya mji ambako yale majumba yanayoelea hayafiki. Mimi nililipia sentensi hiyo. Kampuni siitaji, wasimamizi wa jukwaa wasije wakauchinja uzi.

Split hatukuiona. Tulipanda saa nane mchana, saa tisa kamba zimefunguliwa. Mji wenye kasri la Diocletian, kaizari wa Roma aliyejiuzulu mwenyewe mwaka 305 akaenda kupumzika pwani, na watu wanaishi ndani ya kuta za kasri hilo mpaka leo. Uwanjani pale kuna sanamu ya sfinksi ya jiwe jeusi iliyotolewa Misri. Niliiona mimi peke yangu, mbio mbio, begi mgongoni, bimkubwa kakaa mgahawani analinda masanduku.

Kisha lile suala la gati. Hakuna aliyeniambia kwamba hizi meli ndogo za Adriatiki gati likijaa zinafungwa ubavu kwa ubavu. Ya kwanza inashika gati, ya pili inamshika mwenzake, na kuendelea. Usiku wa pili sisi tulikuwa wa nne. Ukitaka kwenda mjini unapita ndani ya meli tatu za watu, unakatiza ukumbi wao wa chakula wakiwa mezani, unasema samahani samahani kama umekwenda kuomba chumvi. Kati ya meli na meli ni ubao, chini maji meusi, na ubao unapanda na kushuka. Bimkubwa na goti lake, gauni kalikunja kwa mkono mmoja, mkono wa pili kamshika baharia ambaye jicho lake liko kwenye simu. Akavuka ubao mmoja. Akasimama. Akageuka. "Baba, mji nimeshauona, nirudishe." Usiku huo hakutoka tena, na mimi nikakaa naye tukala biskuti, maana chakula cha jioni hakimo kwenye bei. Ndiyo, kifahari, na chakula cha jioni hakimo! Ila kodi ya bandari na kodi ya mgeni wanaijua, unalipia melini, taslimu.

Sasa dirisha. Niliongeza euro 300 nipate chumba cha juu chenye "mandhari ya bahari". Asubuhi nafungua pazia, mita moja mbele yangu kuna dirisha lingine, na ndani yake mzee wa Kizungu kajifunga taulo anapiga mswaki. Siku ya tatu tukawa tunapungiana mikono.

Hvar ndiyo iliyokuwa kwenye picha ya kwanza ya tangazo. Asubuhi msimamizi wa safari akatangaza kuna jugo, upepo wa kusini mashariki, kwa hiyo Hvar mjini hatuingii, tunakwenda Stari Grad upande wa pili wa kisiwa. Sikatai, jugo upo, na bandari ya Hvar imekaa wazi kwa upande wa kusini. Lakini bimkubwa alitoka nje, akaangalia maji, akaniuliza, "Upepo wenyewe ndio huu? Huu hata mtumbwi unatoka." Jioni baharia mmoja kwenye kahawa akatuambia kweli: nafasi ya gati Hvar haikuwepo tangu mwanzo wa wiki.

Stari Grad yenyewe siisemi vibaya. Wagiriki waliuanzisha mwaka 384 KK, na mashamba ya zabibu nje ya mji bado yamegawanywa kwa kuta za mawe kama walivyoyapima wao. Bimkubwa alitembea kule polepole akishikashika mawe, akacheka, akamsalimia bibi mmoja kwa Kiswahili na akaitikiwa kwa Kikroatia. Siku nzuri kuliko zote, na haikuwemo kwenye ratiba.

Ratiba ilijaa kuogelea. Kila mchana meli inasimama kwenye ghuba yenye misonobari saa tatu nzima, watu wanaruka majini. Mtu wa Pangani nimemsafirisha mpaka Ulaya aje kuangalia watu wanaoga bahari. Korčula, mji wanaodai Marco Polo alizaliwa pale (Venice hawakubali), tulipewa saa moja na nusu. Nilimwahidi bimkubwa ile nyumba wanayodai ni ya Marco Polo kwa sababu kitabu cha yule bwana kina habari za Zanzibar, ingawa hakukanyaga, alisikia tu. Tumefika mlangoni, simu inaita: rudini melini.

Dubrovnik ndipo nilipochemka. "Chini ya kuta za kale" ya tangazo maana yake ilikuwa bandari ya Gruž, kilomita kama tatu kutoka kwenye hizo kuta, unapanda basi la mji. Kuta zenyewe, mita 1,940 za kuzunguka, tiketi euro 40 kwa mtu, haimo kwenye bei. Basi tukachukua ziara ya bure ya saa moja na mwongozaji. Katikati ya Stradun, barabara kuu ya mji wa kale, dada yule akasema kwa kupita tu kwamba jamhuri yao ya zamani ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1416. Nikamtafsiria bimkubwa. Akasimama palepale. Huyu ni mtu wa Pangani, mji ambao misafara ya pembe na watumwa ilikuwa inaishia mtoni kwake. Akasema, "Muulize. Kwetu soko la Unguja limefungwa 1873 kwa kushinikizwa. Hawa nani aliwashinikiza?" Nikauliza. Dada akaangalia saa: "Swali zuri, lakini tuna dakika kumi, tuone chemchemi ya Onofrio." Chemchemi! Mama yangu kauliza swali moja wiki nzima.

Malipo ya fidia ya Hvar? Wakatupa safari ya siku moja kwenda Kotor, Montenegro. Wenzetu wakashangilia. Montenegro haimo Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza ya bimkubwa ni ya kuingia mara moja. Angetoka, asingerudi. Nilipomweleza msimamizi akaniambia, "Basi mpumzike melini." Wenye paspoti kama zetu, ulizeni hilo kabla hamjalipa, msingoje kuambiwa.

Nimeandika malalamiko. Wamejibu kwa vocha ya asilimia 10 ya safari ijayo. Ijayo ya nani? Nimesoma sheria ya Ujerumani ya safari za kifurushi, kifungu 651m cha BGB (sheria yao ya madai) kinaruhusu kudai bei ipunguzwe, na muda wa kudai ni miaka miwili tangu tarehe safari ilipotakiwa kwisha. Ila lazima uwe umelalamika mkiwa bado safarini, na siku tatu za kwanza mimi nilinung'unika kwa Kiswahili tu. Kuanzia Hvar niliandika kwenye karatasi, msimamizi akasaini, nimepiga picha.

Kuna aliyewahi kudai Ujerumani akalipwa? Ulikwenda kwa wakili moja kwa moja au chama cha watetezi wa walaji kilitosha? Picha za ubao na dirisha naweka hapo chini. Mzee wa taulo nimemziba uso, hana kosa.