Naomba dawa ya asili ya joto la ukomo wa hedhi

Mtumwa_wa_Riziki: Habari zenu wapendwa. Nina miaka 53. Joto linanipanda kifuani mpaka usoni, usiku nageuza mto mara tatu, kanga inalowa chapa. Nasikia uwatu na soya vinasaidia. Vipimo vyake vipoje?

Kungwi Mstaafu: Pole shoga. Mimi nilihamia sakafuni, kwenye saruji. Mume akadhani nimemsusa, akanishtaki kwa kaka yangu! Kikao kizima, soda zikanywewa.

Jongoo: Hamia Lushoto mama, baridi ya bure.

BintiDuka: Shikamoo mama. Soya huwapunguzia joto baadhi, si wote. Uwatu hushusha sukari, kwa hiyo anayemeza dawa za kisukari awe makini. Wewe unatumia dawa gani? Hedhi ilikoma lini?

Mtumwa_wa_Riziki: Marahaba. Sina kisukari. Miaka miwili sasa.

BintiDuka: Na haijarudi?

Mtumwa_wa_Riziki: Mwezi uliopita niliona damu kidogo, siku nne. Mama anayeniuzia dawa alisema ni uchafu unatoka.

BintiDuka: Dawa ipi tena?

Mtumwa_wa_Riziki: Ya mizizi, ipo kwenye chupa ya maji. Chupa mbili 60,000, ya pili nimeifungua jana. Siwezi kumwaga hela. Halafu mizizi haina kemikali.

BintiDuka: Mama, damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata iwe tone, hiyo si uchafu. Mara nyingi huwa si saratani, lakini bila kupimwa hakuna anayejua. Hiyo chupa iache, nenda nayo hospitali waione.

Mlinzi wa Zamu: Wanawake wa siku hizi mmeacha maombi.

Kungwi Mstaafu: Kaka, umewahi kulowa kanga wewe?

Mpelelezi: Chai hii. Akaunti hiihii mwezi Machi iliuliza bei ya tairi la nyuma la bodaboda. Leo ina miaka 53 na imekoma hedhi. Subirini, sasa hivi inashusha namba ya muuza mizizi.

Jongoo: Chai ya uwatu 😂

Mtumwa_wa_Riziki: Simu ni ya mwanangu, bodaboda ni yake. Amelala. Naombeni msiandike tena habari za damu, asubuhi atasoma.

BintiDuka: Asome tu, mama. Ndiye mwenye pikipiki.