Furaha ya Majilio inanikatikia njiani kila mwaka, wenzangu mnafanyaje?

Tena_Choka
Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya tena (tenor), niko Dar. Kila mwaka Dominika ya kwanza ya Majilio, zile wiki nne za kusubiri Noeli, naanza na moto kweli, ule mshumaa wa kwanza wa zambarau ukiwashwa nasisimka, nasema mwaka huu ndo mwaka. Ikifika wiki ya pili hamna kitu. Mazoezi ya nyimbo za Noeli kila jioni mpaka saa 3 usiku, nafika nyumbani watoto wameshalala, simu imejaa meseji za michango, kamati ya Noeli, jumuiya, ukoo tunatakiwa tupande Rombo na tiketi ndo hizo, alafu Januari inanichungulia na ada zake mkononi.

Dominika ya tatu padri anatoka sakristia na kasula, lile vazi lake la Misa, la rangi ya waridi, somo linasema "Furahini katika Bwana", mimi nimesimama kule juu kwaya nimeshika nota najiuliza nifurahi nini sasa. Mkesha tunaimba vizuri, kwenye wimbo wa Utukufu kwa Mungu huwa nalia kabisa maana wiki nne hatujauimba (ukiacha ile sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa tarehe 8). Tarehe 26 asubuhi naamka mtupu kama debe.

Niongeze tu kwamba mama yangu alifariki mwezi huu wa 12, miaka minne iliyopita. Swali langu: hii furaha ya kudumu inayohubiriwa ipo kweli, au ni lugha ya mimbari? Na tafadhali asije mtu na "omba tu", kuomba naomba.

MamaPacha_2
Milele amina. Pole kaka kwa mama.

Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi, mahubiri siyawezi, nakupa ninachokiona kazini. Mama anakuja na kikapu chake, kanga, beseni, chupa ya chai, nguo za mtoto zimepangwa vizuri mpaka kofia. Miguu imevimba, usiku halali, mgongo unamuuma, ukimuuliza hali anakulalamikia dakika kumi nzima. Alafu mtoto anacheza tumboni, anashtuka, anakamata mkono wako anakuwekea pale, "sista shika hapa", na anacheka. Sekunde hiyohiyo mgongo bado unamuuma! Na mtoto bado hajazaliwa lakini yupo, hasubiri mtu aliyeko mbali.

Mimi Majilio nayaona hivyo. Tarehe 21 Desemba tunasoma ile ya Maria kumtembelea Elizabeti, kitoto kikaruka kwa shangwe tumboni, na Maria alikuwa ndo kwanza amepanda milima ya Yudea kwenda huko, hakuna anayesema alikuwa hajachoka. Ww unadhani uchovu ukiingia basi furaha imetoka, kumbe vinakaa chumba kimoja.

Katekista_Mstaafu
Mwanangu, swali lako zuri kuliko unavyodhani. Mwaka A wa masomo (yanazunguka A, B, C), Dominika hiyohiyo ya tatu, ya Furaha, Kanisa linatusomea Injili gani? Mathayo 11, Yohane Mbatizaji yuko gerezani, na si Yohane yule wa kukemea watu mtoni, huyu anatuma wanafunzi wakaulize "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" yaani mtu aliyemwonyesha Mwanakondoo kwa kidole leo anauliza kama alikosea, na Mama Kanisa akaona somo hilo ndilo lifae siku ya kuvaa waridi. Na hilo neno "furahini" unaloimba nalo, Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na sababu hakusema kwa kuwa mambo yenu safi, alisema "Bwana yu karibu", basi, sababu ni hiyo moja.

Waswahili tuna maneno mawili, raha na furaha, na tunayachanganya. Raha jipe mwenyewe, ndivyo wanavyosema vijana, na ni kweli, raha unajipa, soda, safari, sherehe. Furaha hujipi, unapewa, ndiyo maana Paulo kwa Wagalatia anaiweka kwenye tunda la Roho baada ya upendo. Sasa wewe miaka yote unajaribu kujipa furaha kwa mazoezi ya kwaya, matokeo yake ndiyo hilo debe.

La pili utacheka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipoandika dawa za huzuni alitaja machozi, huruma ya marafiki, kuitafakari kweli, na usingizi na kuoga. Ndiyo, kuoga, mwalimu mkubwa wa Kanisa ameandika. Kwa hiyo kaoge ulale. Na kaungame wiki hii, usisubiri tarehe 24 foleni imefika getini na padri naye yuko hoi.

Mlutheri_Mpole
Naombeni niingie japo mimi KKKT 😄 Hilo shada lenu la mishumaa minne mjue mmelichukua kwetu. Mchungaji Wichern, Hamburg, Ujerumani, 1839, alikuwa analea watoto maskini, inasemekana walikuwa wanamsumbua kila siku Krismasi lini, Krismasi lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa, midogo ya siku za kazi na minne mikubwa ya Jumapili, kila siku wanawasha mmoja zaidi. Nachopenda pale hakuwaambia watoto watulie, wala hakuwapa zawadi mapema wanyamaze. Aliwapa kitu cha kufanya na kule kusubiri kwao. Nyie mmebaki na minne tu mnaiona Jumapili kanisani, siku sita katikati giza. Mkuu washa nyumbani.

Kibo_Hauna_Shida
Mimi sikubaliani sana na mnavyompeleka. Jamaa ameandika mstari mmoja kuhusu mama yake, ameuweka mwisho kama chenji, na nyie wote mmeupita na pole moja. Mimi nilimzika baba Desemba, nawaambia mwezi huu una harufu yake, ukisikia ngoma za Noeli mwili unakumbuka kabla ya akili. Hiyo sio upungufu wa imani wala kushindwa Majilio. Kaka kaandikishe nia ya Misa ya mama siku aliyofariki, nenda kaisikilize ukiwa umekaa benchi, SIO KWAYA, usiimbe, ukae tu kama mtoto wa marehemu. Na mkifika Rombo kapalilieni kaburi tarehe 24 kabla ya mbuzi, sio baada. Na kama hulali au huli wiki na wiki mwone daktari, haina aibu.

Katekista_Mstaafu
Kibo umenikosoa na umenikosoa vizuri. Nimeupita ule mstari. Mwanangu unisamehe.

MamaPacha_2
Hata mimi 🙏 Na hiyo tarehe 26, jamani nani aliwaambia Noeli imeisha? Oktava, zile siku nane za Noeli, inakwenda mpaka tarehe 1 na kipindi chenyewe mpaka Ubatizo wa Bwana. Kwaya zinaimba Noeli Novemba nzima kwenye mazoezi, siku yenyewe ikifika sauti zimekwisha, tarehe 27 wanaweka vinanda kwenye makava. Mnakula harusi kabla ya ndoa.

Tena_Choka
Shikamoo mzee, nimeshasamehe wala hakuna kosa. Kibo umenigusa pale "kama chenji", nimesoma kwenye daladala ikabidi nigeuke dirishani.

Mrejesho kidogo. Juzi nilimwomba mwalimu wa kwaya ruhusa, akanuna lakini akanipa. Nikafika home saa 1, watoto wakanishangaa kama mgeni. Tukatengeneza shada letu kwenye sinia la chai, majani ya mwarobaini maana misonobari huku Kimara utaitoa wapi, mishumaa ya zambarau nilipata duka la parokia, ya waridi imeisha, tukachukua mweupe binti akaufunga utepe wa zawadi. Tukazima taa, wakagombania kiberiti, mdogo akauliza huu wenye utepe ni wa nani. Nikajikuta nasema ni wa bibi. Haikuwa kwenye mpango kabisa, na liturujia haisemi hivyo mzee najua. Tukakaa pale mpaka nta ikaanza kudondokea kwenye sinia la mke wangu na kesi ikaanza.

Nia ya Misa nimeandikisha jana. Katibu wa parokia kaniuliza "na kwaya je siku hiyo?" nikamwambia siku hiyo mimi ni muumini wa kawaida.